Bibi Aliyekanyagwa na Malaika

Padri alipovuta kitambaa, kigango kizima kiliguna kwa pamoja, na Mektrida akajua palepale kwamba ameharibu.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyebisha. Malaika Mikaeli alijaa ukuta mzima nyuma ya altare, mabawa meupe, upanga juu, mguu wa kulia umemkandamiza joka shingoni. Kasoro ilikuwa kwa huyo aliyekandamizwa. Alikuwa na rangi ya majani mabichi, shingoni ana duara jeupe kama kola ya padri, na kichwani kilemba chekundu kama cha jogoo. Watoto wa kijiji kile hukijua kilemba hicho kabla hawajajua Baba Yetu.

Yule hakuwa shetani. Yule alikuwa Bibi.

Ukimuuliza mzee yeyote wa kule Uru ya juu atakusimulia, hata usipomuuliza. Mababu walifika mteremkoni wakakuta ardhi nyeusi, nzuri, lakini haina maji. Basi akatoka msituni nyoka mkubwa, jike, mwenye kola nyeupe na kilemba chekundu, akateremka huku akiburuta mkia, nao wakachimba nyuma yake kila alipopita. Hivyo ndivyo walivyopata mfongo wao, mfereji unaotoa maji mtoni na kuyazungusha kwenye kila kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, migomba na kahawa na ng'ombe wote wakinywa humo. Ndiyo maana umepindapinda vile. Binadamu mwenye akili timamu hawezi kuchimba mfereji wa namna ile kwa hiari yake.

Watu wa pale ni Wakatoliki, tena wa rozari mkononi na jumuiya alfajiri. Lakini kila mwaka kabla ya kusafisha mfongo, mkubwa wa ukoo wa juu, ule wa mababu waliomfuata nyoka, huinama kwenye banio, pale maji yanapokatwa kutoka mtoni, akamwaga mbege kidogo, ile pombe ya ndizi, na kusema, "Bibi, tumekuja." Kisha hupiga jembe la kwanza, na wengine ndipo wanaanza. Padri analijua jambo hilo. Siku hiyo huwa na safari ya mjini.

Na mkubwa wa ukoo alikuwa Valerian, mdogo wake Mektrida wa tumbo moja, ambaye dada yake alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukamchoka. Valerian alisimama kutoka benchi la mbele, akavaa kofia yake mlemle ndani ya kanisa, akatoka. Watu wa juu wakatoka nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kimya, hata wanakwaya wa sauti ya nne. Kwaya iliimba wimbo wa mwisho bila besi.

Mektrida alibaki amekaa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapambo ya kanisa. Yeye ndiye aliyemleta fundi. Na, Ruwa, Mungu wa kwao, amsamehe, yeye ndiye aliyemweleza fundi nyoka yule.

Fundi alikuwa Alawi wa Rau, mchora mabango wa mjini Moshi, kijana wa Kiislamu mwenye baba nusu Mwarabu na mama ambaye ukoo wake hata yeye mwenyewe hujichanganya akiuhesabu. Alawi alikuwa na mkono. Vichwa alivyochora kwenye saluni za wanaume vilikuwa na nywele nzuri kuliko za wateja, na ng'ombe wake wa kwenye mabucha walitabasamu kana kwamba hawajaambiwa. Malaika hakumsumbua hata kidogo. Joka ndilo lililomsumbua.

"Mama Kindness," alimwambia Mektrida siku ya pili ya kazi, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama watu wote, "nyoka wa kawaida nawajua. Lakini huyu awe mkubwa, wa ajabu, mtu akimwona asimsahau. Sijawahi kumwona wa hivyo. Anakuwaje?"

Mektrida alikuwa akimenya ndizi za mtori wa mafundi. Nyoka mkubwa wa ajabu alimjua mmoja tu maishani, yule aliyesimuliwa na bibi yake jikoni, na mtu akiulizwa habari za anachokipenda hujisahau. Alimweleza kola, alimweleza kilemba, alimweleza macho yaliyotulia. Alimweleza mpaka ndizi zikawa nyeusi. Alawi akachora kwenye kipande cha boksi, akamwonyesha, na Mektrida akapiga makofi kama mtoto. "Ndiye huyo! Umemwona wapi?"

Alimwona nyoka. Mguu ulikuja baadaye, Alawi akiwa juu ya ngazi na yeye nyumbani anaumwa magoti. Hata alipochungulia siku moja kabla ya picha kubarikiwa, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kilemba, akafurahia kazi, akaenda zake. Mtu mwenye kitu chake moyoni haoni kimewekwa wapi.

*

Mambo mabaya hutembea kwa makundi. Wiki ileile mti mkubwa wa mrukuti uliokuwa umeinama kando ya mto uliangukia banio, ukabomoa ukuta wa mawe, na maji yote yakarudi mtoni. Mfongo ukakauka kuanzia juu hadi chini. Watu wakaanza kusema, na mnajua watu wakianza kusema. Mektrida hakuamini kwamba Bibi ndiye aliyeusukuma mti. Hakukataa pia.

Watu wa chini, yaani ukoo wa marehemu mume wake Mektrida na majirani zao, walituma wajumbe kwa Valerian kumwomba apige jembe la kwanza. Valerian aliwapokea vizuri, akawapa mbege, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kanisani mna mtu mwenye upanga. Mwambieni awachimbie."

Wapo vijana waliosema huo ni upuuzi wa kizamani, wakachukua majembe na sururu wakapanda. Walifika karibu na banio, wakatazamana, wakakumbuka kila mmoja ana kazi nyumbani. Si kwamba waliogopa. Ila ukipiga jembe lisilo lako, halafu mwaka huohuo ng'ombe wako akatupa mimba, utaeleza nini? Na wanawake ndio kabisa, tangu zamani hawakukanyaga kwenye banio.

Ikawa Septemba, jua kali, vumbi limekaa juu ya majani ya kahawa kama unga. Migomba ilianza kuinamisha majani, kisha kuvunjika katikati na mkungu ukiwa bado mchanga. Wanawake wa juu na wa chini wakawa wanashuka korongoni na ndoo, wanapanda nazo kichwani, maana wanaume wakigombana wanaobeba ndoo ni walewale. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, lakini hapa jembe lenyewe ndilo lililokuwa limegoma.

Mektrida alipofika mtoni mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu achote kwanza, kama mgonjwa, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Lakini lililomnyima usingizi si wanawake wa mtoni, wala migomba. Ni kwamba Valerian alipita mbele ya geti lake akielekea sokoni, akatazama upande wa pili wa njia. Mdogo wake. Yule ambaye yeye alimtafunia nyama alipokuwa hana meno.

Basi akafanya linalofanywa na Mchaga aliyekosa. Alikwenda kwenye ua wa kihamba, akakata jani la isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini, akalifunga fundo. Ukimpelekea mtu isale umemwambia, nimekosa, nisamehe, na huyo mtu akishalipokea hana namna: atasamehe, hata kama umemchomea nyumba. Hakuna aliyewahi kulikataa akabaki na heshima yake.

Valerian alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo hakulikataa. Alilikimbia.

Mara ya kwanza Mektrida alipofika, Mary, mke wa Valerian, alimwambia mzee ameenda kutazama ng'ombe. Ng'ombe alikuwa bandani, analia kiu. Mara ya pili Valerian alikuwa ameenda Sanya Juu kununua maharage, wakati gunia la maharage limesimama hapo barazani. Mara ya tatu Mektrida aliona kofia yake kwa macho yake mwenyewe ikipotea nyuma ya migomba, mzee mzima mwenye wajukuu, ameinama kama mwizi wa kuku. Isale lilinyaukia mkononi. Alikata lingine. Njia nzima ya kurudi alilia, halafu akakasirika kwa sababu amelia.

*

Alipokasirika alishuka mjini, akaenda Rau nyumbani kwa Alawi.

Alimkuta uani anachora kuku kwenye bango la muuza chipsi. "Shikamoo, mama," Alawi akasema, akaona uso wake, akaweka brashi chini. Mektrida akamwaga yote, mguu, kofia, mti, ndoo, isale. Mama yake Alawi, Bi Ummy, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali, alitoka jikoni na sahani ya vitumbua akakaa kusikiliza hadithi isiyomhusu.

"Kwa hiyo nimemkanyaga bibi wa watu," Alawi alisema. "Mama Kindness, si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini, na mimi nilikuwa napiga makofi?"

Alawi akatoa simu. Kijana akichanganyikiwa siku hizi hutoa simu. Akaanza kutafuta majoka, kana kwamba akipata la halali atalibandika pale mambo yaishe, na Mektrida na Bi Ummy wakajikuta wamemwinamia, mmoja kila bega. Kumbe dunia imejaa majoka. Wachina wanalo refu lenye ndevu, halina mabawa ila linaruka, nalo ndilo linaloleta mvua, wanalichezea ngoma. Kule Meksiko kuna nyoka mwenye manyoya kama kasuku. Wenyeji wa Australia wanaye mkubwa wa rangi za upinde wa mvua aliyepita akichimba mito kwa tumbo lake.

"Rudisha hapo," Mektrida alisema. "Kachimba mito?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kwa tumbo?"

"Kwa tumbo, mama."

Mektrida alisogeza simu karibu na macho. Sijui kama unajua furaha ya kumkuta mtu wa mbali kabisa, asiyekujua, ana bibi kama wako. Moyo wake uliinuka kwa mara ya kwanza tangu kitambaa kivutwe.

Halafu wakafika Ulaya, na huko mambo yakabadilika. Majoka ya Ulaya yalikuwa na mabawa ya popo na yanatema moto. Moja lilikalia dhahabu ambayo halina kazi nayo. Lingine lilikalia kisima cha mji likawanyima watu maji mpaka wakawa wanalipa kondoo, kondoo walipoisha wakatoa watoto wao. Ndipo akaja mtu na farasi akalichoma mkuki.

"Huyo wa kisima sawa," Bi Ummy alisema, akimega kitumbua. "Huyo achomwe. Lakini wa kwenu analeta maji, sasa kosa lake nini?" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umesoma madrasa bure. Mikaili kazi yake ni nini?"

Alawi aliweka simu chini. Kisha akajipiga kofi la paji la uso, rangi ya kuku ikabaki hapo.

*

Aliyemwuza Valerian alikuwa mkewe mwenyewe. Asubuhi iliyofuata Mary alimkuta Mektrida korongoni, akatua ndoo, akajinyoosha kiuno kwa uchungu. "Wifi," alisema akitazama maji, "yupo Mabogini, kwa rafiki yake Shakiru, anamsaidia kupalilia mpunga. Atakaa huko mpaka uchoke. Mimi sijakuambia kitu."

Alawi aliitwa kwa simu, akaja kumpakia Mektrida kwenye pikipiki yake, isale limechomekwa kifuani mwake lisipeperuke. Waliteremka, wakapita mji, wakaingia joto la tambarare, na mbele yao kukafunguka majaruba ya mpunga, kijani mpaka macho yanauma. Valerian alikuwa katikati ya jaruba, suruali imekunjwa, matope magotini. Shakiru, mwenye shamba, alikuwa amekaa kwenye tuta anakunywa maji.

Valerian aliinua kichwa, akaliona jani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akajaribu kuinua mguu na matope yakaushika kwa mlio wa kubusu.

"Shakiru! Nivute!"

"Nikuvute uende wapi?" Shakiru alisema. "Mimi sina ugomvi na dada yako. Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Mektrida alivua viatu, akavipanga kwenye tuta, akapandisha kitenge, akaingia kwenye matope. Alawi alipiga kelele kumzuia, lakini alishachelewa. Kila hatua ilikuwa vita. Alipomfikia mdogo wake alikuwa amezama kama yeye, anahema, na kama Valerian angetaka kukimbia sasa wasingeachana mbali. Alimshika mkono, akamwekea isale kiganjani, akamfunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Nimekosa, Valeri. Niliona nyoka, sikuuona mguu. Nisamehe."

Valerian alilitazama lile jani. Alipojibu, sauti haikuwa ya yule mwenye kofia.

"Nimekusamehe, Dada. Nilikusamehe siku ileile. Unafikiri mimi ni jiwe?"

"Sasa ulikuwa unanikimbia nini?"

"Kwa sababu nikishasema nimekusamehe, kesho watu watakuja na majembe." Alijisugua tope mkononi. "Na mimi nitasimama vipi kwenye banio, niiname niseme, Bibi, tumekuja? Tumekuja kutoka wapi? Kutoka kumkanyaga shingo? Naona aibu, Dada. Sikuwa na hasira. Naona aibu mbele yake, na aibu haina isale."

Mektrida hakuuachia ule mkono. Alikuwa amejiandaa kwa mdogo wake mkaidi, tangu utoto anajua kumwingia, lakini huyu mzee mwenye aibu hakumjua. Alimwonea huruma. Walisimama pale wote wawili, wameshikana mkono, mpunga unawagusa magoti, hakuna anayeweza kutoka.

"Samahani, wazee wangu." Alawi alikuwa amechuchumaa kwenye tuta. "Shikamoo, baba. Mimi ndiye fundi."

"Nakujua," Valerian alisema. "Marahaba."

"Kosa ni la kwangu kuliko la mama. Kwetu sisi Mikaili ni malaika vilevile. Nimefundishwa tangu mdogo, nikasahau ngazini. Mikaili ndiye aliyepewa dhamana ya mvua."

Valerian akageuza shingo polepole. "Dhamana ya nini?"

"Ya mvua, baba, na riziki zinazotoka ardhini. Muulize mzee Shakiru."

"Mvua na mimea," Shakiru alisema, akifuta mdomo. "Hilo hata mtoto wa madrasa analijua."

"Kwa hiyo yeye analeta maji kutoka juu," Alawi aliendelea, "na bibi yenu anayateremsha. Sasa mimi ndiye niliyemweka mmoja amkanyage mwenzake. Yule malaika hajamfanyia bibi kitu, baba. Ni brashi yangu."

Valerian alimtazama Alawi, akamtazama Shakiru. Kisha mabega ya Valerian yakaanza kutikisika, na Mektrida alidhani analia, akamshika kiwiko. Hakuwa analia.

"Yaani wewe kijana," Valerian alisema, akipumua kwa shida, "umewagombanisha wafanyakazi wa idara moja!"

Akacheka mpaka akakaa. Akakaa kwenye matope, kwenye mpunga wa Shakiru, na Shakiru akapiga kelele kwamba sasa hasara ni yake, na Mektrida, aliyekuwa ameshikwa mkono, akakaa naye. Iliwachukua Alawi na Shakiru nguvu nyingi kuwatoa.

Walipokuwa wanaosha miguu kwenye mfereji, Alawi aliuliza swali lake la zamani, safari hii kwa uangalifu. Malaika lazima akanyage kitu. Je, akanyage nini?

Valerian alijipangusa, akatazama kaskazini. Mawingu yalikuwa yamefunguka na mlima ulikuwa wazi, mkubwa kuliko unavyoonekana mtu akiwa juu yake mwenyewe.

"Moto," alisema. "Ule mwaka msitu ulipowaka huko juu, nilipanda na wenzangu kuwapelekea chakula waliokuwa wanazima. Niliuona. Unaruka, ndugu yangu. Uko huku, mara uko ng'ambo ya korongo, una mabawa. Na unapopita mti haubaki, na mti usipobaki mto hauji. Huyo ndiye adui. Mchore huyo, rangi yake nyekundu, na umkanyage vizuri."

"Wazungu wanaye huyohuyo," Alawi alisema. "Anatema moto kabisa."

"Kumbe nao wanamjua," Valerian alisema, akavaa kofia.

*

Primus, katekista, ndiye waliyemwogopa, maana Primus ni mtu wa taratibu na picha ilikwisha kubarikiwa. Aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasema yeye tangu mwanzo hakuielewa ile rangi ya kijani. Maandiko yanasema joka ni jekundu. Alinyamaza kwa sababu ya kuheshimu kamati. Mektrida alitaka kumbusu na kumpiga kwa wakati mmoja.

Alawi alipanda ngazi. Kwanza alimtoa Bibi, kwa kitambaa na msasa, taratibu, akianzia kwenye kilemba, na Valerian alisimama chini amevua kofia mpaka Bibi alipotoka kabisa. Mahali pake pakaja kiumbe cha ndimi na mabawa, chekundu, macho hayana utulivu, na chini yake miti iliyoungua ambayo kila mtu wa pale aliitambua. Malaika hakuguswa. Alibaki na uso uleule, ila Mektrida aliapa kwamba sasa ulionekana wa mtu anayefanya kazi yake.

Siku ya jembe walipanda wote, wa juu na wa chini, na majembe, sururu, misumeno na mbege. Padri alikuwa na safari ya mjini. Wanawake walibaki chini kila mtu kwenye kihamba chake, wameinjika ndizi, lakini hakuna aliyekaa jikoni. Walisimama kando ya mfongo mkavu wakitazama juu, kisha wakijifanya hawatazami.

Mektrida alisubiri mpaka machalari, zile ndizi za nyama, yakaiva, yakapoa, akayapasha tena. Ardhi iliyokauka hunywa kwanza yenyewe, alijua, lazima maji yashibishe kila hatua ndipo yapige nyingine. Hata hivyo alipoona jua limevuka utosi alianza kuogopa. Labda wamekosana tena. Labda Valerian alifika, akainama, sauti ikakataa kutoka.

Kisha akasikia mlio. Ulitoka kwa jirani wa juu, mkwaruzo mdogo kama wa kitu kinachojiburuza kwenye majani makavu, na kabla hajaelewa aliyaona yanaingia kwenye kona ya kihamba chake. Maji ya kwanza hayaji kama maji. Yanakuja yamesukuma mbele yake majani na vumbi na povu, kichwa kinene cha kahawia kinachopapasa kushoto, kinapapasa kulia, kinasita, kinajua njia, na nyuma yake mwili mrefu unaong'aa unaopinda kila mfongo unapopinda. Alikuwa amekiona kitu hicho kila mwaka wa maisha yake. Leo ndipo alipokiona.

Aliweka mwiko chini. Hakufikiria. Aliinama kidogo, kama mtoto aliyefundishwa, akasema kwa sauti:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba!"

Valerian alitokea kwenye migomba, jembe begani, amelowa mpaka kiunoni, akitembea sambamba na kichwa cha maji kama mtu anayemsindikiza mgeni. Uso ulikuwa umechafuka tope na furaha.

"Wewe!" Mektrida alipiga kelele. "Mimi nimekubeba mgongoni, unaniitikia marahaba?"

"Mwenyewe ana shughuli, nimeitikia badala yake." Aliweka jembe chini, akakaa kwenye kigoda cha dada yake bila kukaribishwa, akanyoosha miguu yote miwili mfongoni. "Nipakulie, Dada. Nimeshinda na njaa tangu siku ile ya kanisani."